Mizani ya Nyakalengija

Getini wananing'iniza mzigo kwenye ndoana.
Sindano inatetemeka, inatulia: ishirini na mbili.
Karani ananitazama miguu, ndipo anaandika:
Ithungu. Binti wa tano.
Kwetu jina ni hesabu, huhitaji kueleza
umetanguliwa na wangapi kwenye sahani.

Mgeni ni Mwalimu Lwasampijja wa Masaka,
jiografia, miaka thelathini na mmoja.
Mlima huu ameuchora ubaoni kila muhula,
kichwa akikipaka chaki nyeupe hadi vidole vinakauka,
na sasa amekuja kabla magoti hayajamkana.

Yeye Mganda, mimi Mkonzo.
Tunakutana katika Kiswahili:
mimi nilikirithi kwa baba, aliyekiokota mgodini Kilembe
pamoja na kikohozi;
yeye alikisikia utotoni, usiku, mlango ukigongwa,
akakijifunza chini ya kitanda.
Huku juu lugha ilivua buti. Tuliitumia kuombana chumvi.

Nyabitaba, perere alilia usiku kucha
kama anayedai deni kwa marehemu.
Siku ya pili mvua. Ya tatu mvua, na Bigo,
tope lisilomheshimu mtu.
"Kanyaga nilipokanyaga," alisema Kule, kiongozi wetu,
akiruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine
kama anayevuka sebule ya watu waliolala.
Mwalimu alikanyaga pengine.
Tulimvuta kwapani, gambuti moja likabaki,
akacheka mpaka akakosa pumzi:
"Hili halikuwemo kwenye ramani!"

Mzigo ulipungua. Viazi tulikula, mchele tulikula,
mafuta ya taa yaliungua.
Lakini hewa nayo ilipungua,
kwa hiyo shingo yangu haikuiona faida.

Elena ndipo ujira wangu unapoishia.
Saa nane usiku walijifunga kamba, Kule mbele,
taa mbili zikapanda, zikawa moja, zikawa hakuna.
Mimi nilibaki na sufuria
na maji yanayong'ata.

Baba, kabla ya mgodi, alibeba kamba za wageni.
Alisema nzururu, barafu yetu, ililala hapa mlangoni kama mbwa,
unaivunja kwa kisigino, unaimung'unya ukingoja chai.
Kulipopambazuka nilitafuta. Kulikuwa na mwamba,
umelainishwa, umechorwa mikwaruzo mirefu
kama sakafu baada ya kabati kuburutwa.

Kulikuwa na jozi moja ya meno ya chuma, ya akiba.
Nilijifunga miguuni. Hakuna aliyeniona.
Nikatembea pale ilipolala.
Kra. Kra.
Meno yaling'ata jiwe, yakateleza, cheche ikaruka,
nami nikasimama, nikaona haya
kama niliyevaa nguo za msibani asiyealikwa.

Walirudi adhuhuri. Nilimpa Mwalimu chai, akaishika tu.
"Umeona nini?"
"Ukungu. Na ngazi. Siku hizi unaifikia kwa ngazi."
Kimya.
"Nilikuwa naandika: theluji ya kudumu.
Kuna mtoto mmoja, mwaka siukumbuki, alijibu kwenye mtihani:
theluji ya muda. Nilimkata alama.
Wino mwekundu. Nikaandika pembeni: Soma swali."
Chai ilipoa. Kule alimfungua kamba za viatu
kwa sababu vidole vyake havikutaka kukunjika.

Njia ya kushuka haikuwa na maneno mengi.
Mara moja tu, kwenye daraja, aliuliza
kama nimemaliza shule. Nikasema hapana.
Akaitikia kwa kichwa, akahesabu mbao alipokuwa akivuka.

Getini ndoana ileile.
Sindano inatetemeka, inatulia: kumi na tatu.
Karani anapekua daftari.
"Hizo tisa nyingine ziko wapi?"
"Tumekula," nikasema.
Mwalimu, nyuma yangu, gambuti moja na kiatu kimoja,
alikuwa akiutazama mlima,
lakini wingu lilikuwa limeshaufuta.