Kikao cha Arobaini na Moja

Mimi ndiye katibu. Daftari tulilikopa dukani Koru,
bado tunadaiwa shilingi hamsini.
Waliohudhuria: ishirini na sita.
Aliyetuma udhuru: Mogaka, ana malaria.
Waliokosa bila udhuru: sitawaandika.
Wanajijua, na jioni tutakula nao chungu kimoja.

Tulitoka Kondele kwa lori la miwa,
watu thelathini na mmoja, magodoro, masufuria,
na mabango yetu chini ya turubai yasilowe.
Nani huenda shambani na mabango?
Sisi. Mabango tulibeba, majembe tukasahau.

Ekari kumi na nne, mlimani juu ya Koru,
udongo mweusi unaovua mtu gambuti mguuni.
Tuliapa: hapa hapana mkubwa,
hapa kila mkono ni sawa na mkono.
Obiero aliandika katiba kwa usiku mbili,
kurasa kumi na saba, na neno "uhuru" mara hamsini na tatu.
Nilihesabu mwenyewe, mvua iliponinyima usingizi.
Neno "choo" halimo hata mara moja.

Basi choo kikajaa, mwezi wa tano.

Hawa ni watu waliosimama mbele ya vitoa machozi.
Nyagilo ana kovu la rungu juu ya sikio.
Khavere alilala seli siku tisa
akikataa kutaja hata jina la babake.
Hakurudi nyuma mtu.
Lakini mbele ya koleo na shimo
nimeona mashujaa wakitazama viatu vyao.

Tulijadili saa nne nzima.
Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga,
hawakusema litaisha saa ngapi.
Kamati ikaundwa. Kamati ikazaa kamati.
Usiku huo Nyaboke, ambaye hajawahi kutoa hoja,
alichukua koleo na taa ya mafuta
akachimba shimo jipya nyuma ya migomba.
Alfajiri tulimkuta ananawa mikono.
Tukampigia makofi. Hakugeuka.
Sikujua hilo linaandikwaje.
Niliandika: "Choo kimepatikana."

Yatokanayo na kikao kilichopita:
kiangazi, na pampu.
Ndoo mbili kwa kila nyumba, zamu kwa zamu.
Juzi kabla ya jogoo tukamkuta Obiero,
Obiero mwenye katiba,
anamwagilia miche yake ya nyanya kwa ndoo ya tano.
Wengine: afukuzwe.
Wengine: asamehewe, ametutoa mbali.
"Sawa," akasema Khavere, "nani anamkamata?"
Tukatazamana.
Maisha yetu yote tumeijua pingu
kwa upande mmoja tu.

Hapo ndipo Adongo, bintiye Nyagilo, miaka tisa,
akainua uso kutoka kwenye kunde alizokuwa akichambua:
"Mama, na hapa tukikasirika,
tutaandamana kwenda wapi?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.
Kikao kikavunjika bila azimio.
Jua likizama nikamwona mtoto
akiburuta bango refu kumliko,
lile la HAKI YETU lenye herufi zilizochujuka,
kutoka jikoni mpaka mlangoni kwa Obiero.
Hatua arobaini na mbili. Nilihesabu.
Hakupiga kelele. Alisimama tu
kama walivyosimama wazazi wake mbele ya ofisi za watu.

Obiero alitoka. Akalisoma bango lote,
ingawa ni yeye aliyeliandika, miaka ile.
Akarudi ndani, akatoka na ndoo,
wakaenda pamoja kisimani, mmoja kila upande wa mpini,
maji yakiwamwagikia miguuni.

Haya yote nimeyaandika kwa wino.
Kalamu inakaribia kuisha
na mafuta ya taa hayatafika asubuhi.
Kikao kijacho: Jumamosi, saa tatu.
Ajenda: majembe. Deni la daftari. Mengineyo.

Chini ya kitanda changu ipo ndoo ya tatu,
imefunikwa kwa sinia.
Hiyo sijaiandika popote.