Kigoda Kirefu

Mimi ni fundi wa Pasua. Bol joint
nabadilisha tangu sijaota ndevu:
gari linalia kwenye kona, mteja analalamika,
napiga jeki, natoa iliyokwisha,
naweka mpya, grisi, nati, basi.
Gari haliulizi litapona lini.

Mama walimwekea nyonga ya chuma mwezi wa sita,
baridi ile ya Moshi ya kulala na soksi.
Daktari akanionyesha picha. Nikauona
mpira wake mweupe umetulia kwenye kikombe,
nikasema moyoni, kazi safi hii.
Sikujua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

Sista Nakijwa anakuja Jumanne na Ijumaa,
Mpare, mfupi, mkoba mkubwa kuliko yeye.
Alibandika karatasi juu ya kalenda ya parokia:
Asikunje nne. Asiiname. Asijigeuze ghafla.
Alale na mto katikati ya mapaja.
Asikae chini. Hapo alipiga mstari mara mbili.
Akanifundisha sindano ya tumboni,
ile ya kuzuia damu isigande:
"Bana ngozi. Usitetemeke. Wewe si fundi?"
Nilitetemeka.

Kuna mambo spana haifundishi.
Namna ya kumwosha mama yako mgongo
huku umeangalia dirisha
na yeye ameangalia dirisha lilelile,
mnazungumzia bei ya mahindi.
Namna ya kusubiri nje ya mlango wa choo
na kukohoa, ajue upo,
kisha kunyamaza, ajue husikilizi.
Usiku wa kwanza alilia. Si maumivu, alisema,
ni vile tu sikuzaa wa kike.
Nikamwambia wa kike angekuwa Dodoma kwa mumewe.
Akacheka hadi akashika mshono.

Hatua kumi mpaka mlangoni. Siku ya tisa, ishirini na mbili:
fremu, mguu mpya, mguu mzee, fremu.

Siku ya kumi na sita narudi na mkate,
namkuta jikoni ameegemea meza,
anakivuta kwa ncha ya mguu kigoda chake,
kile cha mringaringa, cha miaka arobaini,
nilichokificha nyuma ya pipa la mbege.
Amekipata kwa kunusa, nadhani.
Nilipiga kelele. Mimi! Kwa mama!
Nikamwita jina lake la ubatizo, Anansia,
kama karani anavyoita mahakamani.
Akasimama wima, akaniangalia.
"Ndizi hazimenywi mtu amesimama kama askari."
Usiku ule hakula.

Asubuhi nilikibeba kigoda kwapani
mpaka gereji. Vijana wakacheka.
Nikakata bomba la ekzosi la Noah iliyokufa,
vipande vinne, nikapima mara tatu,
maana Sista alisema nyonga iwe juu kuliko goti.
Nikatoboa, nikafunga bolti,
nikavisha raba chini kisiteleze,
nikachomelea mikono ya nondo ya kushikia.
Ijumaa Sista alikitikisa, akakikalia,
miguu yake ikaning'inia.
"Haya," akasema. Hakuongeza neno.

Sasa Mama anakaa juu kama hakimu
na anakilalamikia kutwa:
ndizi ziko mbali, beseni liko mbali,
na wapita njia wote wanamwona soksi.
Kwa hiyo mimi nakaa chini, sakafuni,
nampa moja moja, napokea maganda.
Nikiinua macho naona kidevu chake kwanza,
kama zamani.

Utomvu umemshika vidole.
Ananyoosha mikono bila kuinama,
sawasawa na karatasi ya ukutani.
"Fundi," anasema, "grisi."
Nampaka mafuta ya alizeti, kidole kwa kidole.