Bando la Usiku

Saa nane usiku, Yombo Vituka.
Bando la shilingi mia tano, mwisho saa kumi na mbili,
nami nimejifunika shuka gubigubi
mwanga wa simu usimwamshe Sikudhani.

Neno lenyewe tulipewa Jumanne,
mwandiko wa daktari, wino wa bluu,
na pembeni herufi tatu na tarakimu moja
ambazo hatukuthubutu kuziuliza.
Tulisema asante. Hebu fikiria: asante,
kama watu waliorudishiwa chenji.

Basi naiuliza simu.
Simu haisiti. Bwana mmoja, koti jeupe, stetoskopu shingoni,
anasema mizizi yake inayeyusha uvimbe kwa siku ishirini na moja,
tanguliza nusu, namba ndiyo hii, tunaleta mpaka mlangoni.
Shemeji Mbaruku kanitumia sauti ya dakika saba:
majani ya mstafeli, maji ya moto na ndimu,
na juu yake maandishi madogo, *imesambazwa mara nyingi*,
kana kwamba wingi wa midomo ni ushahidi.

Nikahamia Kiingereza, changu cha kuungaunga,
nikakutana na asilimia.
Asilimia ya nani? Ya wanawake wa nchi za theluji,
waliohesabiwa mwaka ambao mimi na yeye tulikuwa bado wachumba,
kwa dawa ambazo huenda zimeshastaafu.
Nililia saa nzima
kabla sijaiona tarehe.

Sista Eufrasia, dirisha la pili pale Ocean Road,
hakunicheka. Alichukua kalamu
akaandika nyuma ya kadi ya kliniki:
Nani kaandika? Lini? Anauza nini?
Akafikiri kidogo, akaongeza: Umekula?
"Na yanayokutisha," akasema, "usikae nayo. Yalete.
Hapa tunayasoma mchana."

Yapo ya kweli, nimeyaona.
Hayana haraka. Yanasema *mara nyingi*, yanasema *huenda*,
yanasema *muulize daktari wako*.
Mwanzoni niliyadharau; anayezama ana kazi gani na *huenda*?
Sasa nayaamini kwa sababu hiyo hiyo,
kama fundi anayekwambia: sijui, mpaka nifungue injini.

Halafu jana kidole kikateleza,
ikafunguka orodha ya yote yaliyowahi kutafutwa.
Yangu nayajua. Haya hayakuwa yangu,
ya saa tisa, ya saa kumi alfajiri:

*nywele huota tena baada ya miezi mingapi*
*kukaanga maandazi kwa mkaa kunadhuru*
*titi moja gauni hushonwaje*
*mume huondoka*

Bila alama ya kuuliza.
Majibu laki tatu na ushee, chini ya sekunde moja.
Sikufungua hata moja.

Kumbe shuka hili lina zamu mbili.

Leo simu nimeiacha sebuleni, kwenye chaji.
Nimekuja na kadi ya sista na kalamu,
nikawasha taa kubwa, ile ya kuamsha watu.
"Sikudhani, sogea. Tuandike maswali ya Alhamisi."

Amefumbua macho upesi mno kwa mtu aliyelala.
Ameitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama tena kadi.
"La kwanza," akasema, "hizo herufi tatu."