Ripoti ya Krismasi

Kolozsvár, mwaka wa pili. Asubuhi ni Kiebrania,
chumba ambacho bomba la joto hugonga kama mtu anayedai kodi.
Mwalimu Szentpéteri ana kidole kilichokatika,
na kisiki hicho ndicho anachotumia kufuata mstari.
"Usiruke," husema. "Neno usilolijua, lisome polepole.
Usilolipenda, polepole zaidi."

Alasiri tunahubiriana wenyewe kwa wenyewe,
Csenge akishika saa, Botond akisinzia:
hoja tatu, mfano mmoja, dakika kumi na nane, amina.
Nilipata tisa kwa kumi. Moja ilikatwa kwa sababu ya mikono.
"Acha kufukuza nzi," waliniandikia.

Desemba chuo hututawanya. Ni desturi ya zamani:
kila mwanafunzi na kijiji chake cha sikukuu,
kanzu ya kuazima, tiketi ya treni, soksi za ziada.
Changu kilikuwa mwisho wa basi, kisha kilomita nne za theluji.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; yangu ilikuwa ile kanzu,
ndefu kunishinda, ikifagia njia nyuma yangu
kana kwamba inafuta ushahidi kuwa nimefika.

Kanisani watu kumi na mmoja, na mbwa mlangoni.
Mpiga kinanda kavaa glavu zilizokatwa ncha.
Hoja ya kwanza niliisema. Ya pili niliisema mara mbili.
Ya tatu iliganda mahali fulani njiani;
pumzi yangu ilionekana, hoja haikuonekana.
Nikasema amina. Hakuna aliyelalamika.

Mama Zsuzsánna akanivuta mkono wa kanzu hadi kwake:
supu ya kuku, mkate wa jozi, jiko linalokoroma.
Macho yake yana ukungu. Alifungua kopo la biskuti
akatoa barua. "Nisomee. Ya mwanangu, kutoka Ujerumani."
Karatasi imechakaa mikunjoni hadi inapitisha mwanga.
Tarehe yake: miaka sita iliyopita.

Nikasoma habari za kiwanda, za mvua, za goti lake.
Kisha nikaona, mistari miwili mbele, kinachokuja.
Nani alinifundisha hili? Ukurasa wa ngapi?
Nilijua vitenzi sita vya Kigiriki vya kulia
na ulimi umelala kinywani kama kijiko.
Supu inapoa. Anasubiri.
Polepole, basi.
Polepole zaidi.
"Mama, usinitandikie tena kitanda. Nyumbani kwangu ni huku."
Nikainua macho: midomo yake ilikuwa ikisonga,
neno moja mbele ya langu.

"Wa mwaka jana aliruka hapo," alisema.
"Wa mwaka juzi alikohoa.
Haya, kula. Na hiyo kanzu iinue, inaingia kwenye majivu."

Januari tunajaza fomu.
Waliohudhuria: kumi na mmoja. Mbwa sikumhesabu.
Sadaka: lei mia mbili na kumi.
Chini kabisa, mstari mmoja mfupi: Mengineyo.
Niliushikia kalamu hadi bomba likagonga mara tatu,
nikaandika: kanzu ni ndefu mno, ipunguzwe upindo.

Mwalimu alipitisha kisiki cha kidole juu ya fomu,
waliohudhuria, sadaka,
akafika pale chini, kwenye upindo,
akakaa hapo.