Pua ya Kuazima

Chupa ilikuja imeviringishwa soksi tatu za sufi.
Soksi za sufi, Paje, mwezi wa Februari!
Nikacheka kwa ndani.
Mzee Ottmar akaiweka kaunta taratibu
kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha kulala.
"Nimeipika mwenyewe," akasema
kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi.
"Miezi tisa ndani ya pipa.
Mimba nzima."

Nikaifungua. Haikufoka kama bia za friji letu,
ilishusha pumzi tu.
Nyeusi, lakini ukiinyanyua kwenye taa
pembeni ina wekundu wa ukwaju uliolala majini.
Povu lake rangi ya kanzu iliyoswalia Idi nyingi.

Akaisogeza kwangu.
Nikamwambia, mie humimina, sinywi.
Miaka kumi na moja nyuma ya kaunta hii,
ami yangu hali hata ndizi ya mshahara wangu,
na tone halijapita hapa. Nikajigusa koo.

"Najua. Sikuombi koo," akasema.
"Nakuomba pua."

Kumbe ile homa ya mwaka juzi
ilimwachia roho ikaondoka na harufu.
Pipa alilifungua kama kiziwi aliyealikwa ngomani:
anaona watu wanacheza.

Basi nikainama.

Nikajikuta Wete, uani kwa baba,
sufuria ya shaba, mwiko umenizidi kimo,
halua inakaribia kuungua naye anapiga kelele
koroga, Vuai, koroga, barabarani kuna nini?
Pale pale ukingoni: sukari guru imeacha kuwa sukari
na bado haijawa mkaa.
Nikamwambia hivyo. Akafumba macho.
"Endelea."

Tende, nikasema, zile za chini ya kapu, zilizogandana.
Ganda la boflo lililosahauliwa tanurini.
Kisha mbao. Mti wenyewe siujui, kwetu hauoti,
ila ni kama kufungua kasha la bibi baada ya arubaini:
bawaba, vumbi kavu, ubani
uliokwisha zamani ukabaki kwenye ubao.
Na nyuma kabisa kitu kinachochoma pua.
Brandi. Hiyo naijua, huwamiminia Wataliano.
"Pipa lilikuwa la brandi," akanong'ona.

"Na karafuu?"
Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.
Nikanusa tena, nikanusa sana.
Ningeweza kumpa, ni ya kwetu, haina gharama.
"Hamna."
Akapiga kaunta kwa kiganja. "Alhamdulillahi!" akasema,
sijui nani alimfundisha.
"Ingekuwamo, ningekuwa nimeiharibu."

Ndipo akanywa, funda moja, akakaa nalo.
Nikamuuliza, kwani deni ni deni: na huko ndani kukoje?
Akatafuta maneno.
Tamu, akasema. Kisha chungu.
Kisha akajiwekea mkono kifuani, chini kidogo ya shingo:
moto, unashuka polepole, una adabu.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri.
Sijui kuhusu pua.
Aliimaliza glasi peke yake, kwa saa nzima,
akiniuliza tena ya ile halua.

Nilirudi nyumbani nimenawa mara mbili.
Mwanaiki akanishika mkono, akaunusa, akakunja uso,
akaunusa tena.
"Leo mlipika halua kazini?"
Nikakaa kimya
kidogo zaidi ya ilivyostahili.