Kinyumenyume hadi Luanda

Wengine walikaa mbele, penye kioo na redio.
Mimi na Anzetse tulipewa kochi,
kochi la watu watatu, bado limevishwa nailoni,
limefungwa kwa kamba za katani nyuma ya pikapu ya Eshitemi,
mgongo wake umeegemea kichwa cha gari.
Kwa hiyo tangu Nakuru tulisafiri kinyumenyume.

Krismasi ni keshokutwa. Barabara imejaa haraka.

Anayetazama mbele huona kitu kikija,
akakingoja, akakichoka kabla hakijafika.
Sisi kila kitu kilitufikia kikiwa kimeshapita:
harufu kwanza, kisha sauti, ndipo umbo.
Breki zilizoungua, na ndipo lori, pale Salgaa,
na dereva wake kifua wazi ananawa uso kwa maji ya dumu.
Moshi mtamu, pa, pa, mahindi yakipasuka,
na mwenye jiko tayari amekuwa mdogo kama kidole.
Anzetse alimpungia. Alimpungia kila mtu.
Ana miaka sita, na meno mawili ya mbele hana.

Mau Summit, baridi ikatupanda kutoka nyayoni.
Ukungu ukatua juu ya nailoni, ukawa shanga.
Mtoto akazilamba, moja moja,
akasema zina ladha ya mpya.
Nilitaka kumkataza. Nikaonja.
Kweli. Mpya, na vumbi kidogo.

Njia panda ya Londiani, polisi akatusimamisha.
Alizunguka gari, akafika nyuma,
akatukuta tumekunja nne, blanketi magotini.
“Hodi hapa sebuleni.”
Nikatayarisha maelezo, na noti ndani ya ngumi.
Noti hakuitaka. Aliuliza, “La nani?”
La Mama, nikasema. Tumelichangia Desemba tatu,
watoto watano,
na mmoja alitutoka kabla zamu yake haijafika.
Akavua kofia.
“Naweza?”

Akapanda, akaketi katikati yetu. Nailoni ikalia kwii.
Alinukia sabuni ya mche na koti lililonyeshewa.
Akafumba macho.
Malori yakapita, mawili, matatu, wala hakugeuka.
Anzetse akamkatia nusu ya kiazi,
bado cha moto, chumvi na pilipili kwenye gazeti,
naye akakila taratibu, kama mtu anayesoma barua
na hataki ifike mwisho.
“Kwetu Budalang’i,” akasema. “Mwaka huu sifiki.”
Basi.
Akashuka, akapiga bodi kwa kiganja mara mbili,
na kwa kuwa tulikuwa tumekaa tulivyokaa
tulimwona mpaka akaisha.

Kericho nakiri nililala.
Niliamshwa na joto, lile zito la Ahero,
tope la mpunga, vyura wasio na saa.
Kisumu ikapita na mafuta ya samaki yakichemka,
mtu anacheka dirishani, simjui,
kicheko chake nikabaki nacho hadi Kisiani.

Halafu mlima wa kwenda Maseno.
Huko mbele wote walilipa ziwa kisogo.
Sisi wawili lilitukabili,
likapanda nasi kadiri tulivyopanda,
bati lililoachwa juani, kisha kitambaa, kisha uzi.
Anzetse hakulipungia.
Alinishika kidole gumba, basi, akanyamaza,
na mkono wake ulikuwa bado na chumvi.

Tulifika Luanda usiku, mbwa wakatutambua kabla ya watu.
Wanaume wanne waliingiza kochi kwa ubavu,
mlango ukang’oka rangi, Mama akacheka, akalia, akacheka.

Asubuhi, akipangusa,
alikuta ganda la kiazi kwenye mkunjo wa nailoni.
Nani amekula juu ya kochi langu?
“Askari,” akasema Anzetse.
Hakuna aliyemwamini,
na Eshitemi, shahidi wetu, alikuwa bado anakoroma.
Mimi nikanywa chai.