Macho Yangu Bado Yako Nje

Saa nne ya usiku, Mbarara, chumba kisicho na dirisha.
Nimeziba ufa wa chini ya mlango kwa koti langu,
nimebandika karatasi nyeusi juu ya kitaa cha friji.
Chura alitoka kinamasi cha Rwizi,
Tumwine alimleta ndani ya ndoo ya rangi.
Sasa limebaki jicho, na ndani ya jicho utando,
na kwenye utando seli moja, nyembamba kuliko unyoya wa kifaranga,
imenyonywa nusu na mdomo wa bomba la kioo.

Jambo hili lilinichukua mwaka kuliamini:
gizani ndipo umeme wake unapotiririka.
Nyumba zetu hufanya kinyume.

Milango iko wazi. Sodiamu inaingia,
kalsiamu inaingia nayo, kisha inasukumwa nje,
inaingia tena, haichoki,
na mstari kwenye mashine umelala chini
kama ng'ombe aliyeshiba.
Kisha natupa tone la mwanga, dogo, kufumba na kufumbua.
Milango inafungwa. Mkondo unakatika.
Mstari unaruka juu,
na huko ndiko kuona kwa chura:
kukatikiwa umeme.

Mimi ni mtoto wa Katwe.
Mama yangu, Kyakimwa, alikuwa na madimbwi mawili ya chumvi
na ugomvi mmoja wa mpaka na Baluku.
Alitoboa ukingo wa matope kwa kisigino,
maji ya ziwa yakaingia, akayatazama, akaziba.
Sikuwahi kumwona akipima.
"Maji yenyewe yananiambia," alisema,
na mimi nikadhani ni maneno ya kunifukuza.

Mchana chumvi iliwaka nyeupe hadi meno yakauma.
Akirudi nyumbani alisimama kizingitini,
mkono kwenye mwimo wa mlango, haoni kiti, hanioni mimi.
"Subiri," alisema. "Macho yangu bado yako nje."
Tukasubiri. Yakarudi.
Hakuna aliyeuliza yalirudishwa na nani.

Ni kalsiamu, mama.
Milango ikifungwa haiingii tena, lakini bado inasukumwa nje,
basi inapungua, na kupungua kwake ndiyo habari.
Niliwatungia ubeti wanafunzi wa mwaka wa pili;
walicheka, wakafaulu:

Kalsiamu ikijaa, kiwanda hupumzika,
Ikipungua, si njaa, funguo humiminika,
Mlango uliokaa umefungwa, hufunguka,
Jicho lililoduwaa, polepole huamka.

Lakini leo nimebadilisha maji.
Nimeifungia kalsiamu njia zote, isiingie, isitoke,
ibaki pale pale ilipo, kama maji ya Baluku.
Nikatupa tone lile lile la mwanga.
Mstari ukapanda.
Sekunde moja. Tatu. Bado uko juu.
Mwanga umeshakwisha, seli haijui.
Inaendelea kushangaa,
imesimama kizingitini na mkono kwenye mwimo,
na hakuna wa kuiambia kwamba imefika nyumbani.
Nikaandika namba. Mkono ulitetemeka kidogo; nitasema ni baridi.

Nikarudisha maji ya kawaida.
Mstari ukashuka, ukalala.
Pikoampea ishirini, si kitu,
haziwezi kuwasha hata taa ya mdudu.

Saa tano na robo mji ukazima.
Mashine ikafa katikati ya mstari.
Nje Tumwine anaitukana jenereta kwa Kinyankole,
kamba inavutwa, inakohoa, inavutwa.
Mimi nimesimama, nimeshika ukingo wa meza,
nasubiri macho yangu.

Na mbele yangu, nisipopaona,
ndani ya tone la maji ya chumvi,
seli moja ya chura inavuta umeme wake,
milango wazi,
haina habari kama Mbarara yote iko gizani.